Mbuzi wa Bwenini

Maabara ya Wadudu, chumba cha nyuma
2 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima, mapaja tu ndiyo bado yanawasha. Umeniuliza kama hadi leo nawalisha kunguni kwa damu yangu. Hapana, nimestaafu. Miaka mitatu nimekaa kwenye kigoda kila Jumatatu, kikopo kimefunikwa kitambaa chembamba na kubanwa pajani, watoto wangu mia mbili wanakunywa na mimi nasoma gazeti. Sasa kazi hiyo wamepewa sungura sita. Wananyolewa tumbo kidogo, wanabandikwa kikopo, na hawalalamiki kama nilivyokuwa nikilalamika mimi.

Habari yenyewe ni hii, kaa vizuri. Kunguni wa siku hizi hawasikii dawa ya kupulizia. Unawapulizia, wanajipangusa, wanaendelea na safari. Basi Mkuu wetu amekuja na wazo kwamba tuache kumpulizia mdudu, tumwekee dawa kwenye chakula chake. Na chakula chake ni damu. Tumechukua dawa ya ng'ombe, ile ya minyoo na kupe inayouzwa kwenye maduka ya mifugo, tukawanywesha sungura. Kesho yake tukawabandika vikopo. Kunguni wakanywa, wakashiba, wakawa wekundu kama kawaida yao. Siku ya pili miguu ikawa inawatetemeka. Siku ya tatu nilifungua kikopo nikawakuta wamelala chali, karibu wote. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu akidhani kuna nyoka.

Alipoondoka nilikaa nikalia kidogo, usimwambie mtu. Tangu niingie hapa mimi ni yule mama wa kuosha vikopo. Safari hii Mkuu amesema jina langu litaandikwa kwenye ripoti.

Msalimie wifi yangu. Mwambie namdai barua.

Dada yako,
Mama Kunguni


Bweni Namba Mbili
11 Mei

Dada,

Barua yako nimemsomea mke wangu kwa sauti. Tulipofika kwa mlinzi na rungu lake akacheka mpaka chai ikampalia. Hongera sana. Siku zote nasema wewe ndiye kichwa cha ukoo huu na mimi ni mguu.

Ila wewe unawafuga kunguni, mimi wananifuga wao. Vitanda arobaini vya chuma, vya juu na chini, na kila tundu la skrubu lina wapangaji. Tumepulizia mara tatu muhula huu. Tumemwaga maji ya moto kwenye maungio, tumeanika magodoro, tumepaka mafuta ya taa mpaka bweni zima likanuka kama karakana. Wapi. Wanafunzi wanaamka shingo zina mistari ya vipele, wanajikuna darasani, walimu wananitazama kana kwamba ni mimi niliyewauma.

Juzi alikuja bwana afya. Alichungulia kitanda kimoja tu akafunga daftari lake. Amesema siku ya kufungua muhula, tarehe ishirini na nne Juni, akimkuta hata mmoja aliye hai, bweni linafungwa. Bweni likifungwa, mlezi wa bweni wa nini? Na vyumba hivi viwili tunavyokaa ni vya mlezi. Jana nimemkuta mke wangu anakunja mapazia ambayo si machafu. Dada, nakwambia wewe tu, naogopa. Nina miaka arobaini na moja, sina kazi nyingine ninayoijua.

Sasa nina maswali, ya kujifunza tu. Dawa yenu inakaa kwenye damu siku ngapi? Mayai nayo yanakufa? Na sungura wenyewe wana hali gani baada ya kunywa?

Usihangaike kupiga simu. Mtandao huku mpaka upande juu ya tangi la maji, na kwenye simu wewe una haraka kama polisi. Kwenye barua unanieleza taratibu.

Mdogo wako,
Mlezi


Maabara
19 Mei

Mdogo wangu,

Tangu lini ukapenda masomo? Wewe uliyekuwa ukijificha chooni siku ya mtihani! Nimefurahi lakini, sikufichi. Wageni wanakuja hapa na tai zao, wanapita, wanasema "kazi nzuri," wanaomba waonyeshwe choo. Wewe umeuliza maswali ya mtu anayeelewa.

Dawa inakaa kwenye damu siku chache, halafu nguvu yake inapungua. Mayai hayafi, maana yai halinywi damu. Kwa hiyo unasubiri siku kama kumi yaanguliwe, kisha unamnywesha mnyama kwa mara ya pili, na wale wachanga nao wanapata chao. Duru zote mbili tumeshazimaliza. Sungura wote wazima.

Hii bado ni ya maabara, hakuna aliyeijaribu nyumbani kwa mtu. Lakini nakwambia, tukifika huko, bweni lako nitalifanya la kwanza. Usikate tamaa. Bwana afya naye ana macho mawili tu.

Dada yako


Bweni Namba Mbili
30 Mei

Dada,

Wanafunzi wameondoka Jumamosi. Bweni ni kimya, nikikohoa mlangoni kikohozi kinanirudia kutoka upande wa pili. Nimeamua kutosubiri mfike huku. Usinigombeze kabla hujamaliza kusoma.

Nimepata mbuzi. Ni dume, si mzee, ni mtulivu. Nimemnunulia ile dawa yenye picha ya ng'ombe kwenye duka la mifugo, nikamnywesha, na sasa analala bwenini. Kunguni wana njaa, hawana mtu mwingine, wanamfuata yeye. Namhamisha kitanda hadi kitanda, kwa mpangilio, nimechora ramani ya vitanda ukutani na kila kilichokwisha nakipiga alama. Mke wangu anasema nimepata wazimu.

Nauliza mambo mawili. Je, kunguni wa kitanda cha juu watashuka, au mbuzi lazima apande? Na la pili, tangu anywe amekuwa na kizunguzungu kidogo. Akiinuka anashikilia ukuta. Hamu ya kula pia imepungua. Ni kawaida?

Mdogo wako,
Mchungaji


Maabara
6 Juni

Wewe mtu!

Nimecheka mpaka Mkuu akachungulia mlangoni. Mbuzi, bwenini, kwa ramani! Nimewasimulia wenzangu wote na sasa kila asubuhi wananiuliza, "Mbuzi ameamkaje?" Ningekuwa na akili kama yako ningekuwa mkuu mimi.

Haya, majibu ya mtaalamu. Mpandishe juu. Kunguni ni mvivu, chakula kikiwa karibu haendi mbali. Mlaze hapohapo juu ya godoro, na usimwogeshe, wanavutwa na joto na pumzi na harufu. Muda wa kutosha ni saa mbili kila kitanda.

Kizunguzungu kisikutishe. Sungura wetu nao walilegea siku ya pili, halafu wakaamka wakadai majani. Mpe maji mengi. Zikipita siku kumi rudia, usiache, maana ukiacha mayai yataanguliwa na kazi yote itakuwa bure.

Uniandikie hesabu ya waliokufa. Wewe sasa ni mtafiti mwenzangu.

Dada yako anayejivunia,
Mama Kunguni


Bweni Namba mbili
17 Juni

Dada

Tumerudia. Waliokufa sikuweza kuhesabu, nimewafagia nikajaza nusu ya kizoleo. Vitanda vyote arobaini vina alama. Nimewasha tochi kwenye matundu ya skrubu, sijaona anayetembea. Tumeshinda Dada.

Mbuzi hali yake si nzuri sana. Mara hii imemkamata zaidi. Kichwa ni kizito, anaona vitu viwiliviwili, milango miwili, wake wawili. Mwandiko unisamehe, nimeandikia gizani, taa inanichoma macho. Itaisha siku ngapi? Sungura iliwaishaje?

M.


Maabara
20 Juni, asubuhi
Kwa mkono wa kondakta wa basi la saa mbili

Mdogo wangu,

Umejuaje kwamba mbuzi anaona vitu viwiliviwili?

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Mbuzi hana mke. Mbuzi hashiki ukuta akiinuka, na mimi mjinga nililipita hilo nikicheka. Nimekupigia mara kumi na nne. Niambie kuna mbuzi. Niambie rangi yake. Kama hakuna mbuzi, usiguse tena chupa hiyo, nenda hospitali sasa hivi, leo, na chupa umkabidhi daktari.

Mpe kondakta jibu, anarudi saa kumi. Andika hata neno moja.

Dada


Hospitali, kwenye benchi la nje ya wodi
22 Juni

Wifi,

Hakuna mbuzi.

Barua yako imenikuta huku, jirani ndiye kaileta. Mimi si mwandishi, nitasema kama ninavyosema. Mdogo wako wa kuandikiana naye ndiye huyu kalala ndani, mume wangu mimi. Alikunywa dawa ya ng'ombe mara mbili. Kila siku ya likizo hii alikuwa anavua shati anakwenda kulala bwenini, kitanda baada ya kitanda, saa mbili chini, saa mbili juu, na saa ya kengele pembeni imuamshe ahame. Mimi aliniambia anafanya usafi. Akirudi mgongo umevimba wote, nikimuuliza anasema ni jasho. Nilidhani ana mwanamke, Mungu anisamehe. Ningeomba iwe hivyo.

Jumanne alianguka karibu na tangi la maji. Alikuwa anataka kupanda akupigie. Nilimkuta anatapika, anatetemeka miguu, ananiita jina lako. Daktari amemuuliza kanywa nini, akakataa kusema. Mimi ananinong'oneza, "Usitaje barua, dada atafukuzwa kazi." Mtu hawezi kuinua kichwa, anailinda kazi yako!

Nimepekua nyumba. Chupa ilikuwa ndani ya buti lake la mvua, barua zako ziko chini ya godoro. Nimezisoma zote jana. "Mpandishe juu." "Rudia, usiache." Wifi, sijui kama nikutukane au nikulilie.

Chupa nimempa daktari. Anasema kwa binadamu aliyekunywa kipimo cha ng'ombe hajui mengi, anataka kujua wanyama wenu waliokunywa mara mbili iliwatokea nini, siku ya ngapi, na mlifanya nini. Wewe ndiye ulikuwapo. Sungura walikuwaje? Niambie ukweli wote, leo.

Wifi yako


Maabara
23 Juni

Wifi yangu,

Karatasi iliyokunjwa peke yake ni ya daktari. Nimeandika jina la dawa, nguvu yake, kipimo, na hali ya kila sungura siku kwa siku. Mpe kwanza, ndipo uendelee kusoma hii.

Umeshampa? Basi nisikilize.

Sungura wawili walikufa. Wawili kati ya sita, baada ya duru ya pili. Walianza kuyumba, wakaacha kula, wakawa hawaoni kikombe cha maji kilichoko mbele yao. Mmoja siku ya nne, mwingine siku ya tano. Mimi ndiye niliyewakuta. Mkuu alisema walikuwa dhaifu tangu mwanzo, tusiwaingize kwenye ripoti, watachafua matokeo. Sikubisha. Nikawazika nyuma ya ghala, nikanawa mikono, na jioni ile ile nikamwandikia mdogo wangu kwamba wote wazima.

Hakuna aliyenilazimisha kumwandikia hivyo. Mkuu hajui hata kama nina mdogo. Nilitaka mtu mmoja duniani anione nimeweza, na mtu huyo ni yeye, tangu utotoni ni yeye. Niliona nikimwambia wamekufa wawili, furaha yake itapungua. Basi nikampunguzia wawili.

Ningesema kweli angeuliza, "Wamekufaje?" Ningemwambia. Na alipoandika mbuzi anashikilia ukuta, badala ya kucheka ningeogopa.

Walioishi ni wale wanne tuliowapa maji kidogo kidogo na kuwaweka penye kivuli na utulivu, bila kelele. Daktari atajua kama hilo lina maana yoyote.

Nilikuwa nije na basi hilihili. Nilifika kituoni, mguu ukagoma. Sikuweza kuingia wodini nikasimama mbele yake. Sijawahi kuona haya ya aina hii. Tafadhali msomee barua hii mwenyewe akipata nguvu. Msomee yote.

Wifi yako


Nyumbani
5 Julai

Wifi,

Yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu najua hulali.

Karatasi yako ilisaidia, daktari amenituma nikushukuru. Siku tano alikuwa hoi, anajua yupo hajui yuko wapi. Ya sita aliomba uji. Sasa yupo nyumbani, anatembea kwa kupapasa ukuta. Macho ndiyo bado. Sura anaitambua akikaa karibu, lakini maandishi hayashiki, anasema herufi zinaogelea. Daktari anasema huenda yatarudi yote, huenda nusu. Tusubiri.

Bwana afya alikuja siku ya kufungua. Alifungua hata foronya. Hakukuta kitu, akatia saini. Bweni limejaa, kazi ipo, vyumba vyetu viwili vipo, mapazia nimeyatundika tena. Alipotoka hospitali mwalimu mkuu alimsifu mbele ya shule nzima, wanafunzi wakampigia makofi, na yeye kakaa kwenye kiti, kageuzia uso upande ambao si wa makofi.

Sasa shida yetu. Nilimsomea barua yako. Yote, kama ulivyoagiza. Nilipofika kwa sungura wawili akanikatiza. Akasema, "Hiyo umeitunga." Nikaapa. Akasema, "Nipe," nikampa, akaisogeza puani, akaigeuza juu chini, haoni kitu. Akasema, "Dada asingeniandikia uongo. Wewe ndiye unataka kunitisha nisinywe tena." Nilimwita jirani amsomee. Akasema jirani nimempanga. Ndiyo hivyo, Wifi. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na neno lako la sungura wazima lina nguvu kuliko kiapo changu.

Nasema "nisinywe tena" kwa sababu ndilo analolitaka. Juzi mwanafunzi mmoja kaleta kunguni wawili ndani ya kibiriti, wadogo, weupe, waliotoka kuanguliwa. Mume wangu akaambiwa. Jioni akaniuliza mapumziko mafupi ya wanafunzi ni lini. Ni Jumamosi ijayo, wanafunzi wanatoka siku nne. Anasema safari hii mwili umezoea. Anasema sungura walikunywa mara mbili na wote wazima, basi ya tatu itakuwa nini? Nimepekua buti, dari, kapu la makaa. Chupa nyingine ipo, anapapasa kwenda kuiangalia nikienda kisimani, nimeona vumbi limefutwa kwenye kizingiti. Sijaipata.

Barua haitasaidia tena. Ukituma kumi nitazisoma mimi, na mimi haniamini. Haamini mwandiko asiouona. Sauti yako anaijua.

Mguu ukigoma, uburute.

Wifi yako


Maabara
8 Julai

Wifi yangu,

Nakuja na basi la Alhamisi. Nitalifikia bweni kabla wanafunzi hawajaanza kufunga mabegi.

Leo asubuhi nimewaingiza wale wawili kwenye ripoti, kwa kalamu, na tarehe walizokufa. Chini yake nimeandika kwamba mtu mzima mmoja naye alikunywa, na hali yake ilivyo. Mkuu ameniambia jina langu litaondolewa. Nimemwambia aliondoe.

Usimwambie najia nini. Mwambie nakuja kumsalimia, atafurahi, ataacha kuifikiria chupa siku mbili hizi. Nitamshika mkono niuweke shavuni kwangu ili ajue ni mimi na si mtu uliyempanga. Nimejaribu kulisema kwa sauti humu chumbani, mlango nimefunga. Kila nikifika kwenye neno "nilikudanganya" sauti inakatika, naanza upya, inakatika palepale.

Nitalisema hivyo hivyo, limekatika. Nitalisema mlangoni, kabla hajaniuliza habari za safari.

Wifi yako